Kabla Lori Halijapakiwa: Barua ya Wazi Kutoka Kizingitini

Kwa wajumbe wa kamati ya kaunti inayoratibu misaada Lamu, kwa maafisa wa Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame, na kwa mashirika yote ambayo mizigo yao hushushwa gati ya Mtangawanda.

Assalaam alaykum waheshimiwa.

Mimi ni mama mwenye duka Kizingitini, kisiwani Pate. Nauza unga, mchele, sukari, mafuta ya kupikia, betri, mishipi na ndoana. Duka alilianzisha marehemu mume wangu. Aliniachia kabati tatu, mizani moja, na daftari la madeni lililojaa majina ya watu ambao nitawasalimia kesho asubuhi kama nilivyowasalimia leo. Ninayoyasema hapa nayasema kwa kadiri ya duka. Siasa nawaachia wenyewe.

Nina neno moja tu. Kabla hamjapakia lori la mahindi, na kabla hamjatuma pesa kwenye simu, ulizeni kwanza soko letu limekatikia wapi. Kuna njaa ya kukosa chakula na kuna njaa ya kukosa pesa, na dawa zake si moja. Sisi zilitupata zote mbili katika muda wa mwaka na nusu hivi, na kila mara tukapewa dawa ya ile nyingine.

Ya kwanza ilikuwa ukame. Mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022. Majabia yetu, yale matangi ya kukingia maji ya mvua, yalibaki sakafu tupu, na maji ya kunywa yakawa ya kununua kwa mtungi, yanakuja kwa mashua au mgongoni kwa punda. Halafu kusi, upepo wa kutoka kusini, ya 2022 ikavuma. Mnaokaa nchi kavu huenda hamlijui hili vizuri: kusi ikikoleza, mwezi wa sita na wa saba, mashua ndogo hazithubutu kuvuka mwamba, na wavuvi hukaa barazani wakishona nyavu. Pesa hazipo. Na mimi siku hizo dukani mlikuwa na unga hadi mlangoni, nimeuchukua kwa mkopo kwa muuzaji wa jumla wa Malindi. Ulikuwa hautoki. Jirani yangu mmoja, mtu mzima, alisimama mbele ya kabati akautazama kwa muda, akaniambia, "Mwanangu, unga nauona. Pesa ndizo sizioni." Nikamkopesha pakiti moja, nikaandika.

Julai hiyo hiyo serikali ikatangaza pakiti ya kilo mbili iuzwe shilingi mia moja. Watoto wakawa wanatumwa dukani kuulizia unga wa mia. Mimi wangu niliununua karibu na mia mbili kabla ya tangazo, na huo wa mia haukunifikia hata pakiti moja. Nikaonekana mwizi kijijini kwangu mwenyewe. Lakini hayo yamepita.

Basi ndipo shirika moja, jina nalisitiri, likaleta mahindi, maharagwe na mafuta. Yalipita kwa pikapu mbele ya duka langu. Watu walifurahi, na wallahi nami nilifurahi, maana waliopanga foleni ni shangazi zangu na watoto wa dada zangu. Lakini sikilizeni yaliyofuata. Mahindi yalikuwa ya punje, na kusaga ni pesa. Maji ni pesa. Dawa ya mtoto ni pesa, na nauli ya boti kwenda hospitali Amu, yaani mji wa Lamu, ni pesa. Haikupita wiki, mahindi ya msaada yakaanza kuingia dukani kwangu kwa mlango wa nyuma. Mama anakuja usiku na debe kichwani, anataka nimnunulie kwa bei yoyote. Nilinunua ya watu wachache niliowaonea huruma, nikawarudisha wengine kwa sababu sina pa kuyapeleka. Unga wangu ukaingia fukusi. Tajiri wangu wa Malindi akapiga simu mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili bila upole. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee. Ile wiki mgeni alikuja na mwenyeji akaugua.

Na ugonjwa wenyewe ulionekana baadaye. Msaada ulipokwisha, watu walirudi dukani, na safari hii wengine walikuwa na chochote mkononi. Mimi sikuwa na mzigo. Deni la zamani sijalilipa, nani anikopeshe mpya? Kwa hiyo kabati zikawa tupu miezi miwili, si kwa sababu ya ukame bali kwa sababu ya chakula kilicholetwa kuutibu.

Novemba 2023 ikaja ya pili, kinyume kabisa. Mvua za El Niño, mto Tana ukafurika, barabara ya kutoka Malindi kuja Lamu ikakatika, pale Lango la Simba pakawa bahari. Mzigo wangu ulikuwa Minjila, juu ya lori, ng'ambo ya maji. Kizingitini pesa zilikuwepo kidogo, maana kusi ilikuwa imekwisha na wavuvi wameanza kutoka. Kilichokosekana ni chakula chenyewe. Sasa safari hii ndiyo mkaleta pesa. Zikaingia kwenye simu za watu siku moja, nyumba nyingi kwa pamoja, na kijijini kuna wakala wawili wa kutoa pesa. Wakala mmoja akiwa na elfu sitini droo nzima, kufikia adhuhuri ameshafunga. Wenye haraka wakapanda boti kwenda Amu kutoa pesa, wakazipunguza kwa nauli. Waliobahatika kutoa hapa hapa wakaja dukani na noti mpya, wakakuta mchele magunia mawili na unga hakuna.

Nilipandisha bei. Nasema mwenyewe kabla hamjanisemea. Gunia lililobaki lilikuwa linanunua gunia litakalokuja kwa njia ya bahari kutoka Mombasa, na nauli yake siyo ya lori. Wapo waliopandisha kwa tamaa tu, nawajua, na wao wananijua kwamba nawajua. Lakini ninyi mlipoandika kwamba wafanyabiashara wametumia fursa vibaya, hakuna aliyekuja kuniuliza gunia lile lilinigharimu nini hadi kufika hapa.

Labda mtasema tathmini ilifanyika. Ni kweli, nilimwona aliyetumwa. Alikuja kijana mpole na simu yenye maswali, siku ya Ijumaa, saa saba mchana. Watu wote wako msikitini, nami nimefunga. Nilikuja kuambiwa baadaye na mtoto wa jirani aliyemtembeza kwamba kwenye simu aliandika duka halifanyi kazi. Akarudi alasiri kwa adabu zake, nikamkaribisha kahawa. Akaniuliza bei ya unga, bei ya mchele, bei ya mafuta, bei ya maharagwe, bei ya sabuni. Nikamjibu zote. Akashukuru, akawahi boti kabla maji hayajatoka.

Bei peke yake inadanganya, waheshimiwa. Mwanangu anayesoma chuo Mombasa alinieleza habari ya Wollo, kule Ethiopia, mwaka 1973. Watu walikufa kwa njaa kwa wingi, na sokoni Dessie bei ya nafaka haikupanda sana. Tena nafaka nyingine ilikuwa inatoka Wollo kwenda Addis Ababa na Asmara, kwa wenye pesa. Angefika kijana wetu na simu yake pale sokoni, angeandika kwamba hali ni ya kawaida. Nilipoisikia hadithi hiyo nilimkumbuka jirani yangu na lile neno lake la unga kuuona.

Mwanangu huyo huyo ndiye aliyenionyesha kwamba ninayoyalilia hapa wenzetu wameshayaandika. Mwaka 2010 mashirika, wakiwemo Oxfam na International Rescue Committee, walitoa mwongozo wa kuchora na kuchambua masoko wakati wa dharura, wenyewe huuita EMMA. Una hatua kumi. Mwaka ule ule uliwafaa Haiti baada ya tetemeko la Januari. Kiini chake hata asiyesoma atakielewa. Unachagua bidhaa chache ambazo watu hawawezi kuishi bila hizo. Kwa kila moja unachora ramani mbili: soko lilivyokuwa kabla ya dhara, na lilivyo sasa. Katikati ya ramani kuna mnyororo wa watu, kutoka kwa mzalishaji hadi kwa mlaji. Juu yake kuna sheria, usalama, desturi na mambo ya serikali. Chini yake kuna barabara, magati, maghala, mafuta ya mitambo, mikopo na simu. Ukizilinganisha ramani mbili unaona kiungo kilichokatika, na hapo ndipo unapoamua: ulete chakula, utoe pesa, au urekebishe kiungo na kuondoka. Na wenyewe wanasema wazi kwamba wakati wa dharura hutafuti ujuzi uliokamilika, watafuta wa kutosha kuamua.

Tulijaribu kuichora ya unga, mimi na mwanangu, nyuma ya boksi la majani ya chai. Kinu cha Mombasa. Muuzaji wa jumla Malindi. Lori hadi Garsen, Minjila, Gamba, Witu, Hindi, Mokowe. Hapo Mokowe mahamali, wapagazi wa gatini, halafu mashua ya mizigo kupita mkondo wa Mkanda hadi Mtangawanda, halafu pikapu au punda hadi kwangu. Juu tukaandika: msafara wa polisi. Maana kipande kile cha barabara cha Nyongoro na Milihoi kimeshamwaga damu za watu, na wenye malori hawapiti wakati wautakao. Tukaandika pia kusi na kaskazi, pepo zetu mbili za mwaka, na maji kujaa na kutoka, hayo nayo ni sheria, tena haziombwi ruhusa. Chini tukaandika: lami, gati, simu ya nahodha, wakala. Kisha mwanangu akaniuliza, mama, na hiki kinachokufanya upate mzigo bila pesa taslimu tukiweke wapi? Nikachora mstari mwingine kando ya ule wa kwanza, unaorudi nyuma: kutoka kwa mvuvi kuja kwangu, kutoka kwangu kwenda Malindi, kutoka Malindi kwenda kinuni. Huo ni mstari wa deni. Unga unakuja huku na deni linakwenda kule. Ukikata mmoja, na wa pili umekufa.

Hilo ndilo natamani mlione, maana sijaona hojaji inayolitaja. Duka la kisiwani halisimami kwa mtaji, linasimama kwa kuaminiana. Mvuvi anachukua unga leo, atalipa akiuza samaki. Mimi nachukua mzigo leo, nitalipa mvuvi akilipa. Mkitaka kujua kama soko linaweza kubeba msaada wa pesa, msiniulize bei tu. Niulizeni: wateja wako wakiongezeka mara mbili, mzigo utakuchukua siku ngapi kufika? Nani atakukopesha, na unadaiwa kiasi gani sasa hivi? Nitawaonyesha daftari. Majina nitayafunika kwa mkono, jumla mtaiona.

Na msiishie kwenye soko la kununulia. Sisi huku tunaishi kwa soko la kuuzia. Samaki, pweza, kamba mawe. Mvuvi akikosa barafu, akikosa petroli ya mashine, au tajiri wa samaki akiacha kuja kwa sababu barabara imekatika, basi nyumba ile haina pesa hata kama bahari imejaa. Kwa wafugaji wa bara mnao utaratibu mzuri, taarifa za kila mwezi za ukame hutazama mbuzi mmoja anauzwa kwa kilo ngapi za mahindi. Nami naomba kipimo cha kisiwani: kilo ya samaki pale pwani inanunua unga kiasi gani, kusi na kaskazi. Kikianza kushuka tu, mtajua njaa iko njiani kabla sijaiona mimi kwenye daftari. Kusi ile ya 2022, pengine nusu ya thamani ya yale mahindi, ikitolewa kwa barafu, nyavu na mafuta baada ya bahari kutulia, ingefanya kazi zaidi. Sisemi kwa hakika. Nasema hakuna aliyepima.

Vocha nazo zina yake. Kuna waliotuletea vocha za kununulia chakula katika duka moja tu, liko Amu, kwa kuwa ndilo lenye risiti za mashine na karatasi zote. Mtu wa kisiwa cha Ndau alipe boti kwenda Amu na kurudi, na mzigo nao ulipiwe, apoteze na siku. Kwangu angefika kirahisi zaidi. Karatasi zangu ni kweli si kamili, nifundisheni nizikamilishe, lakini mnifundishe wakati wa salama, si siku ya mafuriko.

Wala sisemi chakula kisiletwe kamwe. Moto ulipoiteketeza Faza, mji jirani hapa Pate, mwaka 2009, makuti yalipokezana nyumba kwa nyumba, watu walibaki na nguo za mwilini. Siku kama hiyo huulizi soko. Unaleta wali uliopikwa, maji, shuka na sufuria, na maduka yenyewe huenda yameungua. Na barabara ikikatika kama 2023, leteni chakula, tena kwa njia ya bahari, mapema, msingoje maji ya Lango la Simba yapungue. Au tulipieni tofauti ya nauli ya jahazi sisi wenye maduka, mzigo tutauleta wenyewe na kuuza kwa bei ya kabla, mkikagua. Hilo la nauli nimelifikiria sana, na naona lingewagharimu kidogo kuliko mnavyodhani.

Wafanyabiashara tukiaminiwa tunaweza. Jirani zetu wa Somalia, njaa ilipotangazwa Julai 2011 na misafara ya chakula haiwezi kuingia sehemu nyingi za kusini, pesa na vocha zilipitishwa kwa mawakala wa hawala, wanaotuma pesa kwa kuaminiana, na wenye maduka, zikawafikia watu zaidi ya milioni moja, na chakula kikaletwa na wafanyabiashara wenyewe. Katikati ya vita. Sisi tuna gati na lami.

Ninachoomba hakihitaji mkutano wa hoteli. Mwezi wa tatu, kabla kusi haijaanza, na mwezi wa tisa kabla ya vuli, mtu wenu mmoja anayejua kusoma maji na kusikiliza akae siku mbili Kizingitini, siku mbili Faza, aende Ndau na Kiwayu, apite Mokowe kwa mahamali, apite Malindi kwa wauzaji wa jumla. Achore ramani ya unga, ya maji na ya samaki. Siku dhara likishuka, mtakuwa na ramani ya kwanza mkononi, itabaki kupiga simu kumi tu kupata ya pili: kwangu, kwa nahodha, kwa dereva, kwa wakala, kwa tajiri wa samaki. Mkishaamua, tuambieni. Mkisema wiki tatu mapema kwamba pesa zinakuja, nitapakia mzigo na wakala atajaza droo pesa taslimu. Mkisema mahindi yanakuja, sitachukua deni. Msipotuambia tunabahatisha, na tukibahatisha vibaya wanaolala njaa si mimi na nyinyi.

Na matokeo ya tathmini myarudishe huku. Yule kijana alipoondoka na majibu yangu sikuyaona tena.

Akirudi, yeye au mwingine, nipo dukani kila siku tangu baada ya alfajiri, isipokuwa Ijumaa saa sita hadi saa nane. Lile boksi la majani ya chai nimelitundika nyuma ya mlango. Kuna mahali pamoja baina ya Mokowe na Mtangawanda sina hakika nimechora sawa. Nahodha anasema nimesahau mtu.

Wenu,
Mwenye duka, Kizingitini